Programu Iliyombeba Baba Mkwe

Miaka minne niliishi Ipyana bila kuuona vizuri uso wa baba mkwe wangu. Viatu vyake nilivijua, kikohozi chake nilikijua, na mwandiko wake niliujua kwa sababu ulijaa kwenye kuta za ghala. Uso, hapana. Ukiniuliza kama alikuwa na ndevu, nitakwambia kamuulize mume wangu.

Ndiyo heshima ya kwetu. Mkamwana hamtazami baba mkwe, haongei naye, haketi alipoketi yeye, na akimwona anakuja njiani huingia migombani mpaka apite. Mimi ni mzaliwa wa Tukuyu, kwa hiyo jambo hilo nililijua tangu utoto. Ila nilikuwa nimekaa Dar es Salaam miaka saba, kwenye chumba cha kompyuta cha shirika moja la umma, nikazoea kuwatazama wanaume usoni, hasa wanapokosea. Kanisani walikwisha kutangaza zamani kwamba Mkristo anaweza kumsalimu mkwe wake bila dhambi. Mama mkwe alisema kanisa ni la Jumapili.

Shirika likauzwa, sisi tukapunguzwa. Nikamfuata mume wangu Ipyana, alikokuwa mwalimu wa sekondari, nikiwa na cheti kimoja, mfuko wa diski na kiburi kingi. Miaka mitatu na zaidi nikapalilia mpunga. Sitaki kujifanya shujaa hapa: nililia shambani, tena kwa sauti, na ndege waliokuja kula mpunga hawakujali.

Kilichonitoa shambani ni kokoa. Zamani chama cha wakulima ndicho kilichokuwa mnunuzi peke yake. Lilipokuja soko huria, kila kona ya barabara ilipata mtu na mzani wake, na wanachama wakawa wanapita mlangoni pa chama na magunia kichwani wakiangalia upande mwingine. Ndipo akatokea mnunuzi mmoja mkubwa aliyetaka kuchukua kokoa yote ya chama, ila kwa sharti. Kila gunia liwe na kadi iliyochapwa kwa mashine: jina la mkulima, kijiji, siku ambazo kokoa ilivundikwa ichachuke, na daraja. Kadi za mkono hakuzitaka, maana alisema amedanganywa na miandiko mizuri mno. Chama kikanunua kompyuta kuukuu kwenye mnada wa vitu vya shirika lililokufa. Nilipoiona nikaijua aina yake, tulikuwa tumepunguzwa pamoja.

Msimamizi wa ghala alikuwa baba mkwe. Alikuwa amestaafu ukarani wa mizigo bandarini Itungi, na ghala lile ndilo lililomfanya aendelee kunyoosha suruali kila asubuhi. Katika mkutano mkuu alisimama akasema kazi ya kadi ataifanya mkamwana wake, na kama shehena ya kwanza itakataliwa kwa sababu ya kadi, yeye ataliacha ghala siku hiyo hiyo. Mume wangu aliniletea habari hizo kwa sauti ya kuleta habari za msiba. Mama mkwe alinijia kivyake.

"Mkamwana," alisema, "yule mzee akikaa nyumbani kutwa atanifundisha kupika ndizi. Mimi sitaweza. Fanya kazi."

Kwa hiyo nilijua ninachokibeba.

Walinitengea chumba cha mbao ndani ya ghala, chenye mlango wake unaotazama migomba, ili mimi na mzee tusikutane. Mbao hazikugusa sakafu wala dari. Alipopita upande wa pili alikohoa mara mbili kunitahadharisha, nami nikainama chini ya meza ingawa hakuna aliyeweza kuona kitu. Wiki ya kwanza niligonga kichwa mara tatu.

Tatizo ni kwamba kila nilichokihitaji kilikuwa kichwani mwake. Gunia la kijiji hiki linawekwa wapi? Siku ngapi za kuvundika zinafanya daraja la kwanza? Sikuweza kumuuliza. Ilibidi nimtafute mama mkwe, nimweleze, yeye azunguke ghala amwulize, kisha azunguke tena aniletee jibu. Na mama mkwe hakuwa na mahali pamoja. Alikuwa shambani, au ng'ambo ya kijito kwa jirani, au kwenye kwaya ya akina mama. Swali la kwanza la siku lilikula nusu saa, na jibu lenyewe ni neno moja. Ila ukishampata na kumkalisha juu ya gunia lake, pale kati ya mlango wangu na wa mzee, swali la pili na la tatu yalikwenda mbio. Halafu anakumbuka maharage yake jikoni, anaondoka, unaanza upya.

Tena hakuleta jibu tupu. "Baba anasema magunia ya Jumanne yatengwe," angesema. "Mimi nasema umekonda."

Niseme kidogo kuhusu programu zangu, nisije nikaonekana nilikuwa nakaa tu chini ya meza. Zilikuwa mbili. Ya kwanza ilipokea magunia: mpima mizigo anataja jina, kijiji na siku za kuvundika, mimi naandika. Ya pili ilichapa kadi. Zote mbili zilihitaji kujua gunia ni daraja la ngapi. Sheria hiyo niliiandika mara moja tu, nikaiweka katika faili la pembeni, maktaba ya pamoja kama tunavyoiita wenye kazi hii, na kila programu ilipotaka daraja ilikwenda kuiita sheria huko. Uzuri wake ni kwamba sheria ikibadilika unagusa mahali pamoja, programu zote zinajua. Ubaya wake, programu haijui sheria inakaa wapi mpaka iitafute: ifungue diski, ipate faili, ilipandishe kwenye kumbukumbu, ndipo iite. Na mashine yetu kumbukumbu yake ilikuwa finyu. Ikishachapa kadi kadhaa hulitupa lile faili ili printa ipate nafasi, kisha hulitafuta tena, na taa yake nyekundu inawaka muda wote huo.

Ipo njia nyingine. Unaifungia sheria ndani ya programu yenyewe siku ya kuiunganisha, nakala nzima. Programu inanenepa, lakini haimtafuti mtu. Inataka daraja, inaruka moja kwa moja, imemaliza.

Unaweza kukisia mimi, niliyeshinda siku nzima nikimtafuta mama mkwe migombani, niliipenda njia ipi.

Jumatatu ya wiki ya shehena ya kwanza nikaifungia sheria ndani ya programu ya kuchapa. Nikaazima saa ya mume wangu, nikapima njia zote mbili kwa kadi thelathini. Njia mpya ilishinda. Nikapiga hesabu ya magunia yote mia tatu nikaona nimeokoa dakika kumi na moja, nikajiona fundi. Dakika kumi na moja. Lori lilikuwa linakuja Alhamisi, na hakuna mtu duniani aliyekuwa akizisubiri dakika hizo, lakini nilitembea kurudi nyumbani kidevu juu.

Jumanne mama mkwe akaja na ujumbe, akili yake ikiwa tayari safarini. Kesho yake alikuwa anakwenda Ikombe kununua vyungu, na Ikombe si karibu. Unafika Matema, kisha unapanda mtumbwi.

"Ugonile, mkamwana," alinisalimu. "Baba anasema siku tano zisiwe tena daraja la kwanza. Ziwe sita. Tano ni daraja la pili. Mkaguzi wa mnunuzi ndivyo alivyotaka."

"Ndaga, mama," nikaitikia. "Mwambie imekwisha kufanyika."

Nikafungua maktaba ya pamoja, nikabadilisha tano kuwa sita. Nikaijaribu programu ya kupokea, ikatii palepale. Hata nikamringia. Nikamwambia nimegusa mahali pamoja tu, mama, na kwingine kote kumejua.

"Hata mimi nikisema neno kisimani inakuwa hivyo," alisema, akaenda kufunga mzigo wake.

Jumatano nikachapa kadi zote. Printa ililia mchana kutwa, wapagazi wakafunga kadi kwenye magunia kwa kamba za migomba, na mimi nikanywa chai yangu ya dakika kumi na moja.

Alhamisi saa tano asubuhi nikasikia viatu vya mzee vikitembea kati ya magunia, taratibu. Vikasimama. Vikarudi nyuma. Akakohoa, lakini kikohozi kile sikukifahamu. Hakikuwa cha kupita. Mpima mizigo alikuwa ametumwa mjini Kyela kulipokea lori na kulionyesha njia, na mama mkwe alikuwa Ikombe. Mzee akamshika mpagazi mmoja, akamnong'oneza, akamtuma kwangu.

"Mzee anasema tano mbaya," mpagazi akasema.

"Zipi tano?"

Akaenda, akarudi. "Anasema zote tano."

Mimi nikadhani kadi tano zimelowa au zimechanika. Nikamwuliza ni za nani, hakujua, nikachapa kadi tano za juu ya orodha nikampa. Akazipeleka kwa furaha. Upande wa pili nikasikia kadi zikiwekwa chini, moja moja. Kisha akamtuma tena. Safari hii mpagazi alisema mzee anasema si tano hizi, ni tano zile, na kwamba yeye mpagazi sasa anaomba aende akale. Akaenda. Wenzake walikuwa wamekwisha kwenda.

Tukabaki wawili ghalani, mbao katikati.

Mtu mwingine angepiga hodi. Lakini huyu alikuwa mzee wa watu, aliyelishika jambo hili maisha yake yote, nami nilikuwa mke wa mwanawe. Nikamsikia akienda kwenye mzani mkubwa, akasimama mbele yake, akakohoa.

"Wewe mzani," alisema kwa sauti ya kutosha, "gunia lililovundikwa siku tano ni daraja la ngapi?"

Nikageukia mashine yangu. "Printa," nikasema, "si tulibadilisha Jumanne? Ni daraja la pili."

"Mzani, kama ni la pili, mbona kadi zinasema la kwanza?"

Hapo nikaelewa. Maktaba ya pamoja niliibadilisha, naam. Lakini programu ya kuchapa haikuwa inaiuliza tena maktaba. Niliifungia nakala yake mwenyewe Jumatatu, kabla ya ujumbe. Ndani yake alikuwamo baba mkwe wa Jumatatu, anayesema siku tano zinatosha, na angeendelea kusema hivyo mpaka kiama hata baba mkwe wa Alhamisi akipiga kelele mlangoni. Kwa ajili ya dakika kumi na moja nilikuwa nimeweka daraja la kwanza kwenye magunia ya daraja la pili, na mkaguzi alikuwa njiani na kisu cha kupasulia magunia. Angepasua moja, angekuta punje za zambarau, zisizochachuka vya kutosha, angesema hawa nao ni waongo kama wengine. Na mzee angeliacha ghala siku hiyo kwa ujanja wangu. Mdharau mwiba mguu huota tende. Mimi mwiba niliuchonga mwenyewe.

"Printa," nikasema, "ni kosa langu. Nipe robo saa."

"Mzani, mwambie asikimbie."

Nikairudisha programu kwenye njia ya zamani, ikaitafute sheria kwenye maktaba kila inapoitaka. Nilikosea mara mbili. Ilipokubali, nikachapa kadi moja ya siku tano kwa kujaribu. Daraja la pili. Nilikaribia kuibusu.

Sasa ilibidi nichape upya kadi za magunia ya siku tano pekee, kama sitini hivi, na yeye ndiye aliyekuwa mbele ya magunia. Asome namba, mimi nichape, niipitishe kadi chini ya mbao, yeye afunge. Tukaanza.

"Mzani, gunia namba kumi na nne."

"Printa, kumi na nne. Tayari."

"Mzani, gunia namba kumi na tisa."

"Printa, kumi na tisa. Tayari."

Taa nyekundu inawaka, mashine inatafuta faili, printa inalia, kadi inapita chini, mzee anainama na magoti yake yanalia, anafunga, anarudi hadi kwenye mzani kwa sababu ndiye anayeongea naye, anakohoa, anaita tena. Mimi niliyepima kwa saa tofauti ya mwito mmoja na mwingine, nilikuwa nimeketi pale nikiona jinsi mzani unavyokula muda wetu. Kufika kadi ya ishirini hivi, akaacha kurudi kwenye mzani. Aliuita mzani kutoka alipo. Baadaye kidogo jina la mzani nalo likadondoka.

"Sabini na tatu."

"Tayari."

"Themanini."

"Tayari."

Tulikwenda hivyo, kazi tupu, kama watu wawili wanaopeana matofali. Nilisahau kuinama. Nilisahau kuogopa. Nikasikia muungurumo wa gari barabarani, na yeye naye akausikia.

"Zimebaki ngapi?" aliuliza.

"Tisa, baba."

Sijui yeye alitazama wapi, mimi nilitazama ukutani. Miaka minne, na maneno yenyewe ya kwanza yakawa hayo.

"Haya," alisema. "Mia mbili na nane."

Lori likaingia kadi ya mwisho ikiwa mkononi mwake. Mkaguzi akapasua magunia sita. Mawili yalikuwa ya siku tano. Akasoma kadi, akatafuna punje, akatikisa kichwa juu na chini, akasema hapa angalau kuna watu wakweli. Kokoa ikapakiwa, na mzee akabaki na ghala lake. Mimi nikatoka kwa mlango wa migomba nikakaa chini nikacheka peke yangu, kisha nikalia kidogo.

Ijumaa jioni mama mkwe akarudi na vyungu vinne. Habari zilimfikia kabla hajavishusha, maana mpagazi alimaliza kula mapema akakaa nje ya ghala akisikiliza. Jumamosi asubuhi akaja, akaketi juu ya gunia lake. Nikajiandaa kukaripiwa. Nilikuwa hata nimemchagua kuku wa kumpa kuomba radhi.

"Nimesikia mliongea na baba."

"Tuliongea na mzani, mama."

"Mpaka mwisho?"

Sikuweza kumdanganya. "Si mpaka mwisho."

Akasugua udongo wa chungu uliokuwa umemkaukia kwenye kiganja.

"Sikufokei," alisema. "Kazi ilitaka hivyo. Ila nakwambia jambo. Nimeolewa na yule mzee nikiwa binti. Huko Itungi alikuwa na mizigo yake, akirudi anakula, analala. Hakuwahi kuniuliza kitu cha kazi. Tangu uje wewe, ananiita. Ananieleza, ananiuliza kama nimeelewa, narudia mbele yake. Akiona nimekosea anaanza upya, polepole. Sasa mkishaongea wenyewe, mimi ataniita kwa lipi?"

Niliona aibu ambayo sikuiona hata mbele ya mkaguzi. Miezi yote ile nilikuwa nimehesabu kila dakika niliyopoteza kumtafuta mama huyu, na sikuwahi kuwaza kwamba zilikuwa dakika za mtu. Mbele yangu kulikuwa na orodha ya magunia mapya.

"Mama," nikasema, "kuna swali. Kokoa ikinyeshewa siku ya nne, ikavundikwa tena, siku zinahesabiwa tangu mwanzo au zinaendelea?"

Jibu nililijua. Liko ukutani ghalani, kwa mwandiko wa mzee, kwa chaki.

Akalirudia swali mara mbili ili lisimpotee, akajifunga khanga vizuri, akazunguka ghala mpaka mlango wa mzee, ingawa mbao zile hazikuwahi kumficha mtu sauti na mzee alikuwa upande wa pili tangu tulipoanza. Nikamsikia akiuliza, neno kwa neno. Nikasikia gunia likiburutwa, likikung'utwa vumbi.

"Hilo ni swali gumu," alimwambia. "Keti kwanza, nikueleze vizuri."